Daftari Ambalo Mama Hakujua Limepotea

Mama yangu ni Mlutheri wa Moshi, na kazi yake ni kufundisha sheria za Kiyahudi chuo kikuu. Kanisani kwetu Tottenham wameshazoea. Wanamwombea tu.

Mwaka jana mkataba wake ulikuwa unaisha. Alhamisi alitakiwa kutoa mhadhara mbele ya jopo: wakiupenda, anapata ajira ya kudumu, wasipoupenda, tunahamia kwa shangazi na paka zake. Mhadhara wote ulikuwa kwenye daftari la kijani. Jumanne nililibeba shuleni kuwaonyesha wenzangu yale maandishi yanayosomwa kutoka kulia. Niliwaambia ni uganga. Wakati wa kurudi nikalisahau kwenye basi la ghorofa, kule juu.

Nyumbani nikamkuta anakoroga mchuzi, hana habari. Nikajifanya mwanafunzi mwema.

"Mama, mtu akiokota kitu, kinakuwa chake?"

"Kama mwenyewe ameshakata tamaa nacho, ndiyo."

"Na kama mwenyewe hajui kimepotea?"

Sijawahi kumwona na furaha vile. Alizima jiko kabisa. Marabi, akasema, walibishana juu ya hilohilo. Mmoja alisema: angejua angekata tamaa, basi tuhesabu ameshakata. Mwenzake akasema mtu hakati tamaa kwa jambo asilolijua. Huyu wa pili ndiye aliyeshinda, ila hoja ya aliyeshindwa nayo waliitunza.

"Kwa hiyo asipoambiwa, mali inabaki yake?"

"Safi kabisa, mwanangu!"

"Basi mimi tangu saa tisa nakulindia daftari lako, kwa kunyamaza."

Mwiko ulibaki hewani.

"Daftari lipi, wewe?"

Nikamwambia. Alikaa chini, akafumba macho. Mimi nikaanza kuwawazia wale paka.

"Sijakata tamaa," akasema hatimaye. "Umesikia? Kwa hiyo bado ni langu. Vaa viatu."

Tuliulizia kwa watu wa mabasi siku ile na kesho yake. Halikuonekana. Alhamisi alienda mikono mitupu, akawasimulia jopo kisa cha mchuzi, mwiko na mimi, kisha akaijenga sheria yote juu yake. Anasema mzee mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Kazi akapata.

Nikadai sehemu yangu ya ushindi. Jibu lake limebandikwa kwenye friji: bila simu mwezi mzima. Chini yake, kwa herufi ndogo, ameandika hoja yangu ya kunyamaza, neno kwa neno, kama inavyostahili hoja ya aliyeshindwa.