Vijiduara Ndani ya Kisahani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka naweka sindano chini kwanza.

Nilikuwa msichana mgeni hapa Durban, nimetoka Tanga na ujuzi wa kushona madera na majivuno ya kutosha watu watatu. Alinipokea Mama Odette, fundi Mkongo wa Bukavu, aliyekuwa na chumba cha ushonaji ghorofani, juu ya fundi viatu. Alishona mavazi ya michezo ya jukwaani, yale ya mambo ya kale. Huko ndiko nilikokutana na koseti, vazi la kubana kiwiliwili walilovaa wanawake wa Kizungu wa zamani. Ni tabaka mbili za maradufu, kile kitambaa kizito, zenye vyuma vyembamba katikati, linafungwa mgongoni kwa kamba ipitayo kwenye matundu. Nilipoliona nilijiuliza aliyelibuni alikuwa amegombana na nani.

Matundu yenyewe arobaini, yote ya mkono, kwani enzi za mavazi hayo vipete vya chuma vya kuzungushia matundu havikuwapo. Unapenyeza msumari mwembamba polepole, nyuzi za kitambaa zinasogea pembeni bila kukatika hata moja, kisha unazungushia tundu uzi uliopakwa nta. Tundu moja robo saa, na vidole vinawaka moto. Tena Mama Odette alikuwa na sheria yake: aliyeshona avae kwanza, afungwe kamba mpaka mwisho, apumue kwa nguvu.

Koseti niliyopewa kushona ilikuwa ya Nokuthula, binti wa mtaa wa Cato Manor aliyetolewa kwenye kwaya ya kanisa akapewa nafasi kubwa ya kwanza maishani mwake, kuimba jukwaani. Alikuwa akija kupimwa anapanda ngazi zote akiimba. Nilimpenda, wallahi.

Nilishona matundu matatu, nikachoka. Mama Odette alikuwa ametoka, nami nikashuka kwa fundi viatu nikaazima koleo lake la kutobolea mikanda. Tap, tap, tap, matundu thelathini na saba yakawa tayari kabla chai haijapoa. Nikayazungushia uzi vizuri, yakapendeza kuliko yale matatu ya halali.

"Umetoboa na msumari, hein?" Mama Odette aliniuliza aliporudi.

"Ndiyo, Mama."

"Na umevaa?"

"Nimevaa."

Uongo mara mbili kwa pumzi moja! Akanisifu, akasema mutoto iko na mikono. Nami nikavimba kichwa.

Kesho yake yalikuwa mazoezi ya mwisho, katika ukumbi mmoja karibu na bandari. Mama yake Nokuthula, mfagiaji wa ofisi, alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kumwona binti yake kwa mara ya kwanza. Alikaa mbele kabisa. Nikamfunga Nokuthula kamba mimi mwenyewe. "Sharp, sisi," akaniambia, yaani sawa dada, akapanda jukwaani.

Aliimba vizuri mpaka akafika ile sauti ya juu. Akavuta pumzi. Tundu moja likachanika, la pili, la tatu, halafu yote upande mmoja, kwa mlio wa shuka kuukuu likipasuliwa. Mgongo ukawa wazi, vazi likamshuka kifuani. Wimbo ukakatika. Aliyesogea ni mama yake peke yake. Alipanda jukwaani na viatu vyake vya kazi, akavua shali, akamfunika, akimbembeleza kwa Kizulu.

Msimamizi wa mchezo akasema msichana yule hawezi vazi lile, amenenepa, na yeye ana mwimbaji mwingine. Mama Odette, aliyekuja nami kutazama, akasimama.

"Hapana, patron. Kosa iko yangu. Miye ndiye nilishona."

Yule bwana akatikisa kichwa. Koseti za Mama Odette zilikuwa hazijawahi kupasuka, akadhani ni huruma ya mtu mzima tu. Akasema ataamua asubuhi.

Nami nilikuwepo, hatua tano kutoka kwao, na ulimi ninao. Nilinyamaza.

Asubuhi nilipofika kazini nilikuta kisahani kwenye kiti changu. Kwa kawaida Mama Odette aliniwekea andazi. Nikachungulia. Vijiduara vya maradufu, vyeupe, vidogo kuliko dengu, vimekusanywa vyote. Alivifagia chini ya meza yangu. Msumari hauachi kijiduara, mwanangu. Koleo ndilo linalokula kitambaa.

Hakupaza sauti. "Kitambaa iko kama mutu," alisema. "Ukimusukuma polepole, anakupisha. Ukimukata, hashikilii tena kitu. Sasa weye, jana uliona mama wa yule mutoto?"

Nilichukua kisahani kile. Nilikimbia mpaka ukumbini, nikavuka robot nyekundu, ndiyo taa ya barabarani huku, nusura taxi inigonge, nikamweleza msimamizi yote, nikamwonyesha vile vijiduara. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mwimbaji mwingine ameshapigiwa simu na ameshakubali.

Nikamfuata Nokuthula nyumbani kwao. Alinitazama kwa mshangao, nikaona bora angenipiga. Aliniuliza jambo moja tu: "Mbona hukusema jana?"

Nilishona koseti upya, matundu arobaini kwa msumari. Nilivaa kwanza, nikapumua. Vazi halikuachia hata uzi mmoja siku zote za mchezo, na aliyelivaa alikuwa mwanamke mwingine. Mpaka leo nikiwasikia wanakwaya nageuka kutazama.

Basi sikia, mwanangu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami nilijua, kila mtu anajua. Lakini si koleo lililomnyang'anya Nokuthula nafasi yake. Jioni ile bado ingeokolewa kwa maneno matatu, na mimi niliyaweka mpaka asubuhi. Ukikosea, na utakosea, sema papo hapo, aibu ikiwa bado ni yako peke yako. Ukiichelewesha, mwenzako ndiye atakayeibeba. Na kabla hujampa mtu kazi ya mikono yako aiegemee, iegemee kwanza wewe.

Mungu akupe vidole vyenye subira, mwanangu, na akupe ulimi usiosubiri asubuhi.