Neno Nililomficha Mama

Mama alificha miezi mingi kwamba alikuwa akitoa damu chooni. Nilipojua, alishakonda. Kliniki ya kambi ya wakimbizi hapa Dzaleka ikatupa barua ya kwenda hospitali kubwa, Lilongwe.

Daktari wa upasuaji alieleza kwa Kiingereza, akichora kwenye karatasi. Mimi, fundi cherehani niliyejifunza Kiingereza ukimbizini, ndiye niliyetafsiri. Alisema ni kansa ya utumbo mpana, na imeota hadi kwenye kibofu na kizazi. Nikajua mama amekwisha. Lakini akaendelea: watakata utumbo, sehemu ya kibofu na kizazi chote kwa pamoja, bila kuvitenganisha. Nilimuuliza mara tatu kama imeenea au haijaenea. Akasema imeshika viungo vya jirani tu, kwenye ini na mapafu hawajaiona. Sikujua kama nifurahi.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Batakata kipande ya utumbo," nikajibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "na kidogo ya kibofu."

Kizazi sikukitaja. Mtoto wa kiume anamtamkiaje mama yake neno hilo? Mama akaweka dole gumba kwenye fomu ya kukubali upasuaji.

Siku ya operesheni nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Alasiri nesi akaja, akasema Kichewa cha haraka. Nilishika neno moja, kwamba yu hai. Nikasema zikomo, asante yao, na alipoondoka nikakumbuka sikuuliza chochote.

Siku ya nne mama alifunua shuka, akatazama mfuko wa kupokelea choo uliobandikwa tumboni, kisha akanitazama mimi.

"Balitoa nini ingine?"

Nikamwambia, macho sakafuni.

"Kumbe njo ile ulikuwa unaficha? Mi nilifikiri balikuambia nitakufa." Akavuta shuka. "Lakini ilikuwa yangu, mutoto wangu. Ungeniuliza."

Majibu ya maabara yalisema kingo za walichokata ni safi, hazina kansa. Nikadhani basi imekwisha, kumbe bado kuna dawa ya kansa anayochomwa mshipani, ndiyo maana tunarudi Lilongwe kila mara. Daktari hasemi amepona. Husema, "Tunaangalia." Jumapili iliyopita mama alisimama kanisani akashukuru kwa kuponywa, watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, ila taratibu, nikijiuliza ni nani kati yetu aliyemsikia daktari vizuri, mimi au yeye.