Neno Alilosema Baba Mlangoni

Uzeeni nimejifunza Kiingereza kidogo, nacho kimenichosha kwa vitenzi vyake. Kuna kimoja, leave, ambacho ni kuondoka, ni kuacha kitu mahali, ni kurithisha, hata mume kumtupa mkewe kumo humo humo. Kamusi inasema mzizi wake wa kale ulimaanisha kubakiza. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikalia, kwa sababu kitenzi chetu cha kuacha nusura kituvunjie nyumba.

Ilikuwa Kasongo, huko Kongo, Wabelgiji wangali wakichimba dhahabu upande wa Salamabila. Baba alikuwa Mbangubangu wa Kabambare aliyesilimu ili amwoe mama, na mambo ya dini alikuwa bado anayaokota moja moja. Asubuhi ya kwenda mgodini alisimama mlangoni na furushi lake, akamwambia mama kwa upole, "Miye nakuacha. Bakia muzuri na mutoto."

Mutoto ni mimi. Alinipungia mkono mpaka akapotea kwenye kona.

Bibi, mama yake mama, alikuwa hapo anachambua mchele. Kwetu Waislamu mume akimwambia mke nakuacha, hiyo ni talaka, na bibi hakuwa mtu wa kulipitisha neno kama hilo. "Amekuacha," alisema. "Anza eda." Yaani mama angoje miezi yake, na ikiisha kabla baba hajamrejea, basi ndoa imekwisha. Bibi huyo, Mungu amrehemu, mpaka leo namkasirikia.

Jirani yetu mmoja, dereva wa lori, alikuwa akienda mgodini mara kwa mara. Akajitolea kumuuliza baba kama alikusudia talaka. Mama hakutaka.

"Na akijibu ndiyo, niende wapi miye?"

Akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kufua shati la baba lililobaki, ambalo halikuwa na uchafu wowote. Nilimpenda sana mama siku zile na sikujua la kumfanyia, kwa hiyo nilimfuata kila mahali kama kifaranga.

Baba alirudi likizo eda ikikaribia kwisha. Bibi alisimama mlangoni asimpishe, akaagiza mwalimu wa Kurani aitwe. Mwalimu alikuwa mtu mwema. Alimweleza baba uzito wa neno lake, kisha akasema mambo ni mepesi: tamka tu kwamba umemrejea mkeo, yaishe.

Baba alimtazama mwalimu, akamtazama mama. Nilidhani atalitamka mbio mbio. Alikataa.

"Nitamurudisha namna gani mutu mwenye sikumufukuza? Nilimuacha hapa, kwa nyumba yake. Ndiyo nimekuja."

Mama, ambaye miezi yote ile hakutoa chozi, alijifunika uso kwa kitenge akalia kwa sauti. Kisha akamwambia bibi asogee, mume wake apite.