Spika Hapigi Kura Mwanzo

Siku yangu ya kwanza kazini nlipewa ufagio, bunda la funguo na kengele ya mkono, nikaambiwa kengele ndiyo kazi, hayo mengine ni nyongeza. Aliyeniambia alikuwa Msimamizi wa Majengo, Bwana Kurien, mtu mfupi anayetembea kama kachelewa hata akiwa anakwenda kunywa chai. Ilikuwa shule ya Wahindi, upande wa Ruwi, huku Uarabuni. Mie mjane, watoto wanne nimewaacha nyumbani Ghubra, na elimu yangu darasa la tatu la Unguja na chuo cha Qur'ani. Kihindi nlikuwa nacho kidogo, cha madukani, tangu mama alipokuwa akinituma kwa Bi Kulsum muuza viungo.

Kwenye karatasi cheo changu kiliandikwa farrasha. Farrasha ni mtu wa kufagia, kupeleka mafaili, kuchemsha chai na kugonga kengele ya vipindi. Nlianza kwa watoto wadogo, chini ya Mwalimu Mkuu Msaidizi, Bi Shanta, aliyekuwa akipima vumbi kwa kidole. Kisha nikapelekwa ofisini. Mwisho nikakabidhiwa ukumbi, na huko ndiko nlikokutana na Mwalimu Nirmala, mwalimu wa uraia.

Mwalimu Nirmala kila mwaka akifanya bunge la wanafunzi, kama lile la kwao Delhi. Mie napanga viti: serikali kulia kwa Spika, upinzani kushoto. Nikipanga nikiuliza, naye hakuwa mtu wa kudharau suala.

"Thuwaiba-ji," akaniambia, hiyo ji ni heshima ya kwao, "India ina mabaraza mawili. Lok Sabha ni la wananchi, wanalichagua wenyewe. Rajya Sabha ni la majimbo. Waziri Mkuu anakaa kitini maadam baraza la wananchi lina imani naye. Likimkatalia, anaondoka."

"Hata akiwa na jeshi?"

"Hata akiwa na jeshi. Katiba imeandika."

"Na Rais je?"

"Rais ana jumba kubwa kabisa, lakini anafuata ushauri wa mawaziri."

"Basi ni kama bibi harusi," nikamwambia. "Kakaa juu kapambwa, wanaoamua wengine." Akacheka mpaka akashika meza.

Hivyo ndivyo nlivyosoma, mwaka baada ya mwaka, kwa masikio. Nikajua akidi, yaani idadi ya wajumbe wasiopungua ili kikao kiwe kikao. Kwao ni mmoja katika kumi. Nikajua kwamba jambo lililokwisha kuamuliwa halirudishwi katika mkutano ule ule, linangoja mkutano mwengine. Nikajua mgawanyo: kura za sauti zikitiliwa shaka, inagongwa kengele, wajumbe wanaingia, milango inafungwa, wanahesabiwa. Kengele yangu, mlango wangu. Mwalimu Nirmala alinipa amri moja tu: "Ukishafunga, usimfungulie mtu. Hata mimi."

Sasa, chini ya ngazi tulikuwa na chumba, sisi wanawake wa kazi. Mie, Zuwena wa Unguja kama mie, na Rehema wa Tanga. Humo tukibadilisha nguo, tukisali, tukinyoosha miguu. Bwana Kurien akakitaka kiwe stoo ya vyombo vya muziki. Tukalalamika kwa Mkuu wa Shule, Daktari Sudha, mama mpole mwenye miwani miwili. Akasema, "Watoto wana bunge lao. Waacheni walijadili. Watakaloamua nitalitekeleza." Hoja ikaandikwa: chumba kibaki kwa wafanyakazi.

Spika mwaka ule alikuwa Meenakshi. Huyo nlimfunga kamba za viatu akiwa darasa la kwanza, mpaka akafika la kumi na moja akiniita Bibi.

Siku ya kura wakazungumza vizuri, na wa upinzani vizuri zaidi, maana ngoma zao kweli zilikuwa zikiharibika kwa unyevu. Sauti za ndiyo na siyo zikalingana, Spika akaamuru mgawanyo. Mwalimu Nirmala alikuwa ameitwa kwenye simu. Nikagonga kengele, nikangoja, nikafunga mlango. Yeye akabaki nje.

"Wanaosema ndiyo!" Mikono ikapanda, na wa Meenakshi juu ya yote. Ishirini na moja. "Wanaosema siyo!" Ishirini na moja.

Meenakshi akanitazama, akatabasamu. "Kura ziko sawa. Spika ana kura ya uamuzi. Nasema ndiyo."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Zuwena, aliyesimama nami hapo mlangoni, akanishika mkono. Spika hapigi kura mwanzo. Anapiga zikiwa sawa tu, na mara moja. Mtoto yule kapiga mara mbili, kwa mapenzi. Ukiutoa mkono wake wa kwanza, sisi tuna ishirini, wao ishirini na moja. Na humo ndani hakuna aliyeliona ila mie.

Nikatikisa kengele mpaka makofi yakakatika.

"Meenakshi, mwanangu," nikasema kwa Kihindi changu kile cha dukani, "mkono wako wa mwanzo haukuwa na haki ya kupanda. Hesabu tena."

Akawa mwekundu. Akahesabu. Akatangaza hoja imeanguka.

Nje Zuwena hakuniachia nafasi ya kupumua. "Mashallah! Bi Thuwaiba mwanasheria! Sasa katiba yao utaitandika chini usalie juu yake?"

Rehema, aliyekuwa akitusubiri kwenye ngazi, akaongeza, "Mama, si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

"Mie ningejua. Na siku Kurien akija kuhesabu, angejua na yeye."

Wiki ile ngoma zikaingia, sisi tukatoka. Muhula mzima tukabadilisha nguo chooni na kusali mwisho wa korido, watoto wakipita. Lakini sikukaa kulia. Mkutano mwengine ulikuwa baada ya likizo, na kura huombwa. Nlikuwa nawajua wale ishirini na mmoja kwa majina, kuanzia Arvind mpaka Yasmin, na kila mmoja nikamwendea wakati wa mapumziko. Arvind, kiongozi wa upinzani, akaniambia wazi, "Aunty, sisi hatuna tatizo na nyinyi. Ngoma zetu ziende wapi?" Basi nikaenda kwa Bwana Kurien, nikamwonesha nyuma ya jukwaa la ukumbi, pakavu, papana, nnapafagia mwenyewe. Akakuna kichwa. "Kwa nini hukusema mapema?"

"Hukuniuliza. Wewe umeniuliza chai tu."

Mkutano wa pili nikagonga kengele, nikafunga mlango. Meenakshi alikalia mikono yake miwili, kama mtoto aliyekatazwa halua. Ndiyo ishirini na saba, siyo kumi na nne. Safari hii Kurien alikuwa ndani, akihesabu kwa kidole, mara mbili. Akatoa funguo mfukoni akampa Zuwena.

Nimestaafu sasa, magoti hayanitaki. Wajukuu zangu wanafanya kazi maofisini Al Khuwair, na wakinisikia wanauliza kile kile alichouliza Rehema: nani angejua? Nawajibu kwamba kwa kura ile ya mwanzo, humo chumbani tungelala kwa jicho moja. Kwa hii ya pili, tuliingia tukafunga mlango, tukalala usingizi.