Mamluki wa Mita Elfu Moja na Mia Tano

Nilipewa michezo kwa sababu nilikuwa mgeni. Mwalimu mpya akiripoti hukabidhiwa kile ambacho wenyeji hawakitaki, na katika shule yetu ya msingi, nje kidogo ya Uyole, walichokuwa hawakitaki ni filimbi. Mimi ni mtoto wa dukani, nimezaliwa Iringa mjini, baba yangu aliuza vitenge na kandambili, na sijawahi kukimbia hata kuwahi basi. Kipindi cha michezo kilikuwepo kwenye ratiba, kimepigiwa mstari kwa rula, lakini darasa la saba walikichukua kwa hesabu na waliobaki waling'oa majani. Nami niliona sawa tu. Nasema ukweli, nilifurahi.

Aliyenitoa kwenye uvivu ule ni msichana mmoja wa darasa la sita. Asubuhi kwenye mchakamchaka, wenzake wakiimba na kujikokota kwa baridi, yeye alikuwa anawazunguka, anarudi nyuma kuwafuata wa mwisho, anawapita tena wote. Mama yake aliuza viazi sokoni Uyole, na mtoto alikuwa ameshambebea madebe mawili kabla hajaja shule. Basi nikaanza kumkimbiza jioni. Kupasha misuli nilijifunza kwenye simu. Kupumua, kuhesabu mizunguko, vyote kwenye simu. Na kila siku tukimaliza aliuliza swali moja: "Mwalimu, wilayani tutaenda?"

Nilimwambia tutaenda. Hakuna aliyenishika mkono nimwahidi, niliahidi mwenyewe.

Jina lake likaandikwa kwenye fomu ya mashindano ya wilaya, mita elfu moja na mia tano. Wiki tatu kabla, tulikwenda kujipima na shule jirani. Akawa wa tatu. Waliompita hawakuwa wa darasa la sita, hata kipofu angejua. Mwalimu mkuu wetu aliniita ofisini akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Mwalimu, wenzako wanaleta wasichana wa kupika ugali wa msiba, wewe unaleta mtoto. Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Tafuta mamluki."

Mamluki ni mwanafunzi wa sekondari anayevalishwa sare ya shule ya msingi na kukimbia kwa jina la mtoto mwingine. Kila mwalimu wa michezo anamjua, na kila mmoja ataapa kwamba shuleni kwake hayupo. Ningeweza kukataa. Mkuu hakunitisha, hakunipandishia hata sauti. Lakini mwalimu wa mshindi ndiye aliyekuwa akichukuliwa kwenda na timu ya wilaya mkoani, na mimi, mgeni wa juzi, nilitaka wanione. Sifa tu. Njaa ya sifa, hamna kingine.

Nilimpata binti wa jirani yangu, kidato cha pili, mfupi wa umbo, miguu kama upepo. Nikabandua picha ya mtoto kwenye fomu, nikabandika ya binti. Tatizo likabaki moja: wakaguzi. Kabla ya mbio huwaita watoto mmoja mmoja na kuwahoji. Mwalimu wako wa darasa nani? Unakaa dawati la ngapi? Jibu la kubabaisha linaondoa shule nzima.

Nani angemfundisha mamluki majibu hayo? Mwenye jina lake! Astaghfirullah. Niliwaita wote wawili chumbani kwangu, nikawakalisha kwenye mkeka, nikamwambia mtoto, "Mwenzako atakusaidia kukimbia. Mfundishe awe wewe." Akamfundisha. Alimfundisha dawati, kiranja, jina la mama, njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Binti alipokosea alimrekebisha kwa upole, "Hapana dada, mimi nakaa dirishani." Alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi.

Walipomaliza akaniuliza, "Na mimi nitakimbia lini?"

"Mwakani."

"Sawa, mwalimu."

Watoto wetu hufundishwa kusema "sawa, mwalimu" kabla ya a-e-i-o-u. Siku ile niliishukuru elimu hiyo.

Mama mtu hakuambiwa kitu. Siku ya mashindano alimwamsha mwanawe alfajiri, akampa chai na viazi vya kuchemsha, akamvalisha raba za mtumba alizomnunulia kwa ajili ya siku hiyo. Mtoto akaja kwangu kama tulivyopanga. Alipomwona binti wa jirani miguu mitupu, aliinama akazifungua zile raba mwenyewe. "Zitamtosha, mwalimu," akasema. Nikazipokea. Nikampa chai ya chupa, nikamwachia sinia la maharage achambue asije akachoka kukaa bure, kisha nikamfungia mlango kwa nje ili asionekane na mtu. Nimeandika sentensi hii mara nne nikitafuta namna ya kuilainisha, nimeshindwa. Nilimfungia.

Mamluki wetu alihojiwa akajibu vizuri kupita watoto halali. Kisha akakimbia, akawaacha mbali. Kipaza sauti kilipotangaza jina la mshindi, jina la yule niliyemfungia chumbani, niliruka nikapiga vigelegele. Kila nikikumbuka vigelegele vile natamani ardhi ipasuke.

Nilirudi alasiri. Nilipofungua mlango nilimkuta amekaa palepale mkekani, maharage safi, mawe pembeni. Alisimama haraka.

"Nimekuwa wa ngapi, mwalimu?"

"Wa kwanza," nikamwambia.

Akatabasamu. Si tabasamu la kejeli, mtoto yule hakuijua kejeli. Alifurahi kabisa.

Jumatatu mama yake akaja shuleni na jogoo kwapani. Watoto waliosikia jina tu, bila kuwepo uwanjani, walikuwa wameshapeleka habari sokoni. Alipiga magoti mlangoni pa ofisi, mtu mzima kunizidi, mimi nilipaswa kumwamkia. "Ndaga fijo, mwalimu," alishukuru kwa Kinyakyusa, akarudia tena na tena, "ndaga fijo." Akamgeukia mwanawe. "Haya, nisimulie hapa mbele ya mwalimu wako. Ulikimbiaje?"

Neno moja la mtoto lingetosha kunimaliza. Nikamtazama, na Mungu anisamehe, nilimtazama kwa jicho la kumwonya.

Hakuhitaji kuonywa. Akasimulia. Mwanzoni aliwaacha watangulie, akasema. Kwenye kona ya pili akajikwaa, akaanguka, akainuka, watu wakacheka. Halafu akawapita mmoja mmoja, na wa mwisho alimpita pale karibu na kamba ya kumalizia. Mamluki hakuanguka popote. Zilikuwa mbio zake mwenyewe, alizikimbia kutwa nzima ndani ya chumba changu, na hata humo alianguka kwanza.

"Kweli, mwalimu?" mama akauliza, machozi yanamtoka.

"Kweli, mama. Alikimbia vizuri sana."

Jogoo nilimpokea. Nilimla Jumamosi ile na walimu wenzangu, na alikuwa mtamu.

Mkoani hakwenda mtu. Uhakiki wa huko ni mkali, mkuu akaogopa kumpeleka mamluki. Na mwenye jina hatukuweza kumpeleka, kwa kuwa wilaya ilikuwa imeshaona sura nyingine kwenye fomu ya mwaka ule. Nafasi ilikuwa yake kwa maandishi kabisa, nasi tukaandika barua kwamba anaumwa. Nami sikwenda. Nilisikitika kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Huruma ilikuja baadaye, nilipogundua kwamba kwenye mchakamchaka anakaa katikati ya mstari, mwendo wa wenzake, hampiti mtu.

Mwaka uliofuata fomu zilipokuja, nilimwita pembeni ya uwanja. Nilikuwa nimeapa moyoni, awamu hii hapana mamluki, hata mkuu apasuke. Nikamwambia mwaka huu atakimbia yeye mwenyewe, na hata akiwa wa mwisho mimi nitampigia makofi. Nilidhani nampa zawadi.

Aliangalia chini.

"Hapana, mwalimu."

"Kwa nini? Si ulikuwa unataka?"

"Nikiwa wa tatu," akasema, "mama atajua."