Daktari Aliuliza Nani Anamlisha Farasi, Nikanyamaza

Admin, nifichie jina, maana mmoja wa watu wa kisa hiki yuko hai, na tumekaa naye benchi moja kanisani miaka mingi. Anayeandika ni mjukuu wangu, mimi nasema tu. Nina miaka themanini na tisa, naishi Murera kwa binti yangu wa kwanza. Jambo hili nimelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na hata marehemu mume wangu sikumwambia. Naona huyu mtoto ameacha kuandika, ananiangalia. Andika, wewe.

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, mkoloni akipigana na watu wa msituni. Tuliishi kwenye shamba la kahawa la mzungu, kati ya Ruiru na Thika. Mume wangu alikuwa ameshachukuliwa na askari, sijui yuko wapi, nami nina mimba ya miezi sita. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya farasi wa Bwana, ndivyo tulivyomwita huyo mzungu, jike mmoja mwekundu aliyempenda kuliko sisi wote. Aliyemtunza ni saisi wake, nitamwita Karanja. Mtu mpole sana. Mkewe, nitamwita Nyambura, ndiye aliyenigawia uji nilipokuwa sina kitu.

Majani yalikatwa mtoni. Siku moja askari walimkuta mama mmoja huko, wakasema anapelekea watu wa msituni chakula. Nilimwona akirudishwa amebebwa. Tangu hapo miguu yangu ilikataa kwenda mtoni. Karibu na banda la ng'ombe kulikuwa na mtama uliovunwa, na mashina yalikuwa yamechipuka tena, mabichi kabisa. Nikawa naiba hayo kila siku, nayakatakata na kuyachanganya na nyasi kavu. Farasi aliyapenda. Karanja aliniuliza mara moja tu, "Haya umetoa mtoni?" Nikasema ndiyo. Akaangalia tumbo langu, akasema, "Sawa."

Baada ya wiki kadhaa farasi akaanza kuyumba nyuma. Miguu ya mbele inatembea vizuri, ya nyuma anaiburuta kama si yake, kwato zinakwaruza mawe. Ukimgeuza, kiuno kinaenda upande mwingine. Mkojo ukawa unamtiririka wenyewe mpaka mapaja yakachubuka. Bwana akasema ni sumu. Siku hizo neno hilo lilitosha kumpoteza mtu.

Akaletwa daktari wa mifugo, mzungu mwenzake. Nilifika na mzigo wangu mgongoni, kamba kichwani, nikamkuta anamkagua farasi uani, Bwana amesimama kando. Alimwambia Karanja amtembeze, amrudishe kinyumenyume. Farasi akitembea, daktari alimvuta mkia kwa upande, na yule jike akapepesuka kama mlevi. Akabonyeza uti wa mgongo kwa vidole, polepole, mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mgongo hapana vunjika. Farasi hii nakula nini? Nani nalisha yeye?"

Wanangu, mzigo mgongoni ulikuwa mtama mtupu. Nilisikia mtoto akigeuka tumboni, kisha akatulia kabisa, nikadhani amekufa. Karanja alipiga hatua moja, akasimama kati yangu na wale wazungu.

"Mimi, bwana. Namlisha mimi peke yangu."

"Majani gani?"

"Ya mtoni, bwana."

Alijua. Mtu anayekaa na farasi kutwa nzima anajua majani ya mtoni na majani ya mtama. Mimi nikarudi nyuma kidogo kidogo, nikautupa ule mzigo chini ya mikahawa.

Daktari aliangalia hori, akalikuta tupu. Akasema hana hakika, lakini huenda ni kitu farasi alichokula. Bwana hakungoja zaidi. "Wewe natia sumu farasi yangu!" Kabla ya saa sita askari wakawa wamefika, wakamtia Karanja kwenye lori. Nyambura alikuja mbio kutoka kwenye kahawa, analia, "Amefanya nini? Jamani, amefanya nini?" Ni mimi niliyemshika asilifuate lori. Nilimshika kwa mikono hii. Kisha tukasikia mlio wa bunduki bandani, tukajua farasi amemalizwa.

Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda kusema. Kila asubuhi nikiona kofia ya askari, narudi nilikotoka. Niliogopa nitazalia kambini, au nisizae kabisa.

Karanja alirudi kutoka kambini baada ya miaka minne, amekonda, anakohoa. Nilikutana naye njiani. Akaniuliza, "Yule mtoto ni mzima?" Nikamwambia ni mzima, ni msichana. Akasema, "Ngai asifiwe," akapita. Hatukuzungumza tena juu ya siku ile mpaka tukamzika.

Hata hapo nilikuwa nikijidanganya kwamba labda si mtama. Miaka mingi baadaye, kwenye mkutano wa wakulima Ruiru, afisa wa kilimo akatueleza kwamba machipukizi ya mtama hulegeza miguu ya nyuma ya farasi, na kibofu pia. Watu wakacheka, nani hapa ana farasi? Mimi niliondoka kabla hajamaliza.

Sasa Nyambura amelazwa hospitali ya Kalimoni, amedhoofika. Binti yangu humwita mama. Jumapili iliyopita Nyambura alinishika mkono akaniambia, "Dada, sijui ni nani alimharibia mzee wangu. Nataka Mungu anionyeshe kabla sijaenda. Niombee." Nikapiga magoti karibu naye, nikaomba. Nikasema amina.

Tangu siku hiyo silali. Nikisema, naogopa atakufa akinichukia, na binti yangu ajue ni miaka ya nani kambini iliyomlinda. Nisiposema, naogopa kumkuta Karanja huko mbele aniulize kama mkewe aliambiwa. Jumapili hii ananingoja tena. Nyinyi mnaosoma, hasa mliowahi kufanyiwa jambo zito na mtu mnayempenda, je, mngetaka kujua? Nishaurini, wanangu, upesi. Nimwambieje Nyambura?