Rimu za Kaboni na Ng'ombe Mweusi

Siku Lerionka alipotaka kujua uzito wa baiskeli yake, aliipeleka kwenye bucha ya Ezra, mtaa wa Kwa Mrombo, kwa sababu huko kulikuwa na mzani wa kuning'iniza aliouamini. Ezra aliondoa mguu wa mbuzi kwenye ndoano, akaipangusa ndoano kwa aproni, akaitundika baiskeli. Ikaning'inia pale kati ya mbavu na utumbo, magurudumu yake meusi yakizunguka taratibu. Inzi mmoja alikuja kuikagua, akaondoka.

"Hapa hakuna nyama," Ezra akasema. "Huyu mnyama wako alikufa kwa njaa."

"Soma mzani, acha maneno."

Ezra alisoma, akapiga mluzi. "Kweli ni nyepesi. Sasa tuishushe, tukutundike na wewe, tujue tatizo liko wapi."

Wateja waliangua kicheko. Mama mmoja aliyekuwa akingoja maini alisema waache, ndoano ya watu itavunjika. Lerionka alishusha baiskeli yake kwa vidole viwili, makusudi, ili wote waone ni viwili, akatoka nayo kama mtu anayebeba mwavuli.

Alikuwa fundi wa redieta pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na maisha yake yote alikuwa ameshuhudia dunia ikipungua uzito. Alipoanza kazi, redieta zilikuwa za shaba. Ulikuwa ukiibeba moja unahisi umebeba kitu cha kuachia wajukuu. Kisha ikaja alumini, kisha plastiki, na sasa gari la mtu mzima linapozwa na kitu ambacho mbuzi angeweza kukitafuna. Kila kitu kilikuwa kikielekea kwenye wepesi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akielekea upande mwingine.

Haikuwa hivyo zamani. Alizaliwa chini ya Sambasha, kwenye mteremko wa Meru, na alipokuwa kijana akimposa Naisiae alikuwa akipanda mlima ule mbio, jioni, baada ya kazi, bila kushika kiuno. Watu walisema yule kijana hapandi, anafuka kama moshi. Sasa alikuwa baba wa watoto, na ngazi za kanisani zilimfanya asimame katikati na kujifanya anasoma matangazo. Daktari alimpa uchaguzi: vidonge au mazoezi. Akachagua baiskeli, kwa sababu vidonge huwezi kuwaonyesha watu.

Wako waendesha baiskeli wa Jumapili pale Sakina, wanaume wa rika lake, wenye matumbo yao na matumaini yao. Wanasali ibada ya kwanza wakiwa tayari wamevaa bukta za kubana, wamejipanga benchi la nyuma, na inasemekana mke wa mchungaji tangu hapo husali akitazama dari. Baada ya baraka wanapanda hadi shule ya msingi kule Sambasha, na kila Jumapili, kwenye kona ya mikaratusi, Ezra alikuwa akimpita Lerionka.

Ezra alikuwa na baiskeli ya chuma ileile iliyobeba nyama wiki nzima, yenye keria nyuma na harufu yake. Kupitwa si neno. Kilichomuua Lerionka ni kwamba Ezra, akishafika ubavuni mwake, alipunguza mwendo, akamuuliza habari za nyumbani, na akasubiri jibu.

Ndipo akaanza kwenda Levolosi, dukani kwa Nasri.

Nasri aliuza vifaa vya baiskeli vya mtumba kutoka Ulaya, na alikuwa na ulimi wa Tanga, ule unaokuuzia kitu huku ukikuonea huruma. Siku ya kwanza alimtolea mti wa kaboni wa kushikilia siti, akamwekea kiganjani kama anampa kifaranga.

"Kaka yangu, sikiliza. Hii ukiiweka mezani, funga dirisha kwanza."

Lerionka alicheka, akanunua. Mwezi uliofuata akanunua uma wa gurudumu la mbele. Kisha siti yenyewe, nyembamba kama ulimi wa mbwa, iliyomfanya aketi na kutafakari mambo ambayo hakuwahi kuyatafakari. Na kila mara Ezra aliendelea kumpita kwenye kona ileile na kumuuliza kama watoto wameshafungua shule.

"Umeacha penye mambo," Nasri akamwambia. "Uzito wa kukaa si uzito wa kuzunguka. Rimu, kaka. Rimu ndizo roho." Akafunua kanga, na hapo pakawa na magurudumu mawili ya kaboni, meusi, matulivu. Lerionka alizungusha moja kwa kidole. Likazunguka bila sauti, likaendelea, likaendelea, nao wakasimama wakilitazama kama watu walio kwenye maombi. Halikutaka kusimama. Lerionka aliona kijana akipanda mlima jioni.

Bei ilikuwa bei ya ng'ombe. Na ng'ombe alikuwapo.

Hapa lazima ieleweke ng'ombe huyo alikuwa nani. Alipozaliwa Lesian, mtoto wao wa kwanza, baba yake Naisiae, Mzee Gadiel, alimshusha mtamba mweusi kutoka Sambasha akampa mkwewe. Kwa Waarusha, mtu akikupa ng'ombe wa namna hiyo, majina yenu yanakufa. Kuanzia hapo yeye anakuita Pakiteng na wewe unamwita Pakiteng, yaani mtu tuliyepeana ng'ombe, na mnaitana hivyo hadi mmoja amfukie mwenzake. Kila salamu inamtaja ng'ombe. Ukimpoteza kwa ugonjwa, utasamehewa. Ukimuuza bila kumwambia aliyekupa, umeliuza na jina, na mkwe wako atarudi kukuita kwa jina lako tupu, kama anavyokuita afisa afya.

Ng'ombe aliitwa Narok. Alikuwa na mlio wa ajabu, kama bati linalokokotwa juu ya saruji, na majirani wa Sakina walishazoea kuamshwa naye. Lerionka alimpa dalali ampeleke mnada wa Ngaramtoni, akajiambia kwamba ng'ombe amezeeka, kwamba maziwa yamepungua, kwamba afya ya baba ni mali ya familia.

Naisiae alirudi akakuta banda tupu na baiskeli sebuleni.

"Baba Lesian," akasema, "mnyama yuko wapi?"

Lerionka akaonyesha magurudumu. Naisiae alizunguka baiskeli ile mara moja, akiwa ameshika ndoo ya kukamulia.

"Inakamuliwa wapi?"

"Mama Lesian, daktari alisema..."

"Daktari alisema ukonde wewe, si baiskeli." Aliiweka ndoo chini. "Mimi kwa baba sisemi kitu asiponiuliza. Ila siku akiniuliza, simdanganyi."

Jumapili ile Lerionka alikuwa na mambo mawili kichwani, na yote yalikuwa kwenye barabara moja. Kona ya mikaratusi, alipokuwa akipitwa siku zote, iko chini kidogo ya ua wa Mzee Gadiel. Ukitaka kufika shuleni lazima upite langoni kwake. Alitaka kumshinda Ezra, na alitaka kupita pale haraka kiasi cha kutoulizwa habari za Narok. Alihesabu kwamba rimu zingemsaidia kwa yote mawili.

Na lazima haki itendeke: rimu zile zilikuwa kweli. Nasri hakudanganya. Tangu Sakina baiskeli ilimwitikia kama kitu chenye shauku yake chenyewe; alipokanyaga, ilikuwa imeshaondoka. Migomba ilimpita, boma na boma, watoto waliovaa sare za kwaya walimshangilia. Kwenye mwinuko mkali alihema kama zamani, jasho lilimtoka kama zamani, lakini alipofika kona ya mikaratusi aligeuka na kuona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Uso wa Ezra. Ulikuwa nyuma yake, mdomo wazi, na haukuwa na habari ya nyumbani ya mtu yeyote.

"Lerionka!" Ezra alihema. "Umekula nini wewe?"

Alikuwa amekula ng'ombe, lakini hakusema. Aliinuka kwenye siti akakanyaga. Harufu ya mikaratusi ilikuwa ileile ya jioni zile. Kwa muda mfupi sana, labda urefu wa shamba moja la kahawa, alikuwa moshi.

"Pakiteng!"

Mzee Gadiel alikuwa amesimama barabarani, mbele ya lango lake, blanketi begani, amejiegemeza kwenye fimbo.

Mwanamume anaweza kufanya mambo mengi, lakini hawezi kumpita baba wa mke wake akiwa ameinua makalio. Lerionka akafunga breki. Akashuka.

"Shikamoo, Pakiteng."

"Marahaba, Pakiteng."

Ezra, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote mlima ule, akawapita. "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba! Kaza, mwanangu, kaza!" Gadiel alimpungia fimbo hadi alipopotea, kisha akamgeukia Lerionka. "Ingia ndani, upumzike. Unatoa mlio."

Wakaingia uani. Mzee aliishika baiskeli, akainyanyua, akashtuka, akaishusha, akainyanyua tena kwa mkono mmoja.

"Hii inakula nini?"

"Haili kitu, Pakiteng."

"Inatoa nini?"

"Haitoi kitu."

"Ikizeeka, inachinjwa?"

"Inapasuka tu."

Gadiel alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesimuliwa desturi za kabila la mbali. Na hapo, nyuma ya nyumba, pakatoka mlio kama bati linalokokotwa juu ya saruji.

Lerionka alihisi jasho lote lililomtoka tangu Sakina likigeuka baridi mgongoni. Alimtazama mzee. Mzee alikuwa akitazama spoku.

"Una ng'ombe mpya," Lerionka akasema, kwa sauti ambayo nayo ilikuwa imepungua uzito.

"Nilimkuta mnadani Ngaramtoni. Dalali ananiambia ametoka kwa mtu wa mjini aliyepatwa na shida kubwa. Nikatazama sikio. Alama ile niliikata mimi kwa mkono wangu. Nikasema, ni shida gani imempata mkwe wangu hata ashindwe kuja kuniambia? Nikadhani mtoto amelazwa. Nikampigia Naisiae." Alizungusha gurudumu kwa kidole. Likazunguka bila sauti. "Akaniambia ni rimu. Nilidhani ni ugonjwa. Nikamuuliza unatibika?"

"Akasemaje?"

"Akasema kwa wengine hautibiki."

Lerionka alitaka kucheka, akaona si zamu yake. "Nimekosa, baba," akasema. Hakuthubutu kutumia lile jina.

"Umekosa. Nimekuita Pakiteng kule barabarani kwa sababu watu wanasikia. Humu ndani hatuna ng'ombe kati yetu. Huyu nimemnunua, ni wangu, na harudi Sakina kulala na redieta. Sasa tutaitanaje? Nimezeeka, siwezi kuanza kukuita Lerionka. Hata sijawahi kulipenda jina hilo."

Narok akalia tena. Kule juu zilisikika kelele za wanaume waliofika shuleni wakishangilia kufika kwao wenyewe. Lerionka aliinama, akafungua vishikio vya magurudumu, akayatoa yote mawili, akayaweka miguuni kwa mzee.

"Chukua, baba."

"Za nini?"

"Sijui. Lakini ng'ombe wako aligeuka hizi. Sina kingine alichogeuka."

Gadiel aliinama. Alichukua moja, akalipima mkononi, akaliona jua kupitia spoku zake. Akaenda kulitundika ukutani, juu ya banda la Narok, kwenye msumari wa hatamu. Kuku mmoja alilitazama kwa nia.

"Na hili jingine?" Lerionka akauliza.

"Moja linatosha. Mawili ni tamaa."

"Baba, sasa nitashukaje? Haiendi na moja."

"Najua," Gadiel akasema.

Kwa hiyo akashuka kwa miguu. Fremu begani, gurudumu moja mkononi, bukta ya kubana, viatu vya baiskeli vyenye vyuma chini vikigonga mawe, mbele ya waumini wa ibada ya pili waliokuwa wakipanda na Biblia zao. Hakuwa ametoka hatua nyingi langoni mzee aliposimama juu ya jiwe na kuita kwa sauti ya kuita mifugo ng'ambo ya bonde:

"Pagurudumu!"

Mlima mzima ukageuka. Wasichana wa kwaya walishikana mabega. Lerionka alisimama. Uso ulimwaka. Desturi ni kwamba ukiitwa, unarudisha jina lilelile. Akageuka, akainua gurudumu juu.

"Pagurudumu!" akaitikia, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Mzee akaridhika, akaingia ndani.

Kwenye kona ya mikaratusi wenzake walimfikia wakiteremka. Ezra alipunguza mwendo, akaja ubavuni mwake, akamtazama, akaitazama baiskeli, akatazama mahali gurudumu lilipokuwa.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri," Lerionka akasema. "Mzee mzima kabisa."

"Na hiyo, unaibebaje yote hiyo hadi Sakina? Si nzito?"

Lerionka aliihamisha kutoka bega moja hadi jingine, kwa vidole viwili.

"Wala," akasema. "Ni nyepesi kabisa. Yako ungeshaitupa."